Ngoja-ngoja ya kompyuta iwekewe mpaka

Je, programu ya kompyuta inaweza kujua kama programu nyingine itafika mwisho? Huku Fizi na Baraka swali hilo linaonekana ni la wenye shule kubwa. Si lao peke yao. Familia iliyokimbia vita, ikisimama mbele ya mashini inayotafuta jina lake kwenye orodha ya msaada, inauliza lilelile: hii itamaliza, ama itazunguka mpaka jua lizame?

Wanaojifunza kompyuta hubishana hapo. Wako wanaosema mashini za kesho, zenye nguvu zaidi, zitajibu. Wanakosea, nguvu haihusiki. Alan Turing wa Uingereza alionyesha hivyo mwaka 1936, kabla kompyuta za leo hazijatengenezwa.

Chukua kwamba iko programu, tuseme ni mpiga ramli, ambayo ikipewa programu yoyote inajibu kweli: itasimama, au haitasimama. Mkaidi mmoja anaandika programu ya pili, inayomwuliza mpiga ramli habari zake yenyewe, kisha inafanya kinyume. Ikiambiwa itasimama, inazunguka bila mwisho. Ikiambiwa haitasimama, inasimama palepale. Mpiga ramli ameumbuka, hata awe ndani ya kompyuta ya bei gani.

Wanaosema kwamba basi hakuna kinachojulikana nao wamezidisha. Programu ya kuhesabu 1 hadi 100 itaisha, hata mtoto anaona. Kisichowezekana ni njia moja ya kujibu kwa programu zote. Na swali likibadilishwa kidogo linajibika vizuri: itamaliza ndani ya dakika 5? Inatosha kuiwasha na kutazama saa.

Hapo ndipo penye lawama. Karani anayemwambia mama mwenye watoto "ngoja, mashini bado inatafuta" hamdanganyi. Naye hajui, na lile duara linalozunguka kwenye kioo haliwezi kumwambia. Lakini aliyetengeneza programu angeweza kuiwekea muda: dakika 5 zikipita ikate, iseme jina halijapatikana, liandikwe kwenye karatasi. Ni kazi ya mistari michache tu. Watu waliohamahama wamezoea kungoja bila kuambiwa mpaka lini, na mazoea hayo yasigeuzwe ruhusa.

Wanaoleta mashini hizo kambini na vijijini waulizwe kabla ya kuandikisha mtu wa kwanza: muda wake ni dakika ngapi, na ukipita, nani anashika daftari?