UCHAMBUZI: Je, gari kuukuu la fobaifo litakufaa au litakufilisi?

KILA Desemba inapokaribia, yadi za magari katika Barabara ya Ngong jijini Nairobi hupokea wateja wa aina moja: mwenye familia aliyechoka kusukuma gari dogo matopeni akielekea mashambani, na ambaye mkopo wake wa chama cha ushirika umeidhinishwa. Hana haja tena na Fielder wala Probox. Macho yake yako kwa yale magari ya kimo kirefu, yenye tairi nene na gurudumu la akiba lililobandikwa mlangoni nyuma, ambayo Wakenya wamezoea kuyaita fobaifo.

Mtu huyu hastahili kuchekwa. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 zilikata barabara na kubomoa madaraja katika kaunti nyingi. Mnamo Julai 2024, ushuru wa kukarabati barabara unaotozwa kwa kila lita ya mafuta ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Mwenye gari analipa, lakini njia ya kuelekea kwa mamake mzazi ingali ni matope matupu. Si ajabu basi akakata shauri kwamba kama barabara haitatengenezwa, yeye atanunua gari lisilohitaji barabara.

Hata hivyo, kati ya hasira hiyo na uamuzi wa busara kuna hesabu ndefu, na wengi huifanya baada ya kulipa.

Swali la kwanza linahusu safari zenyewe wala si gari. Anayekwenda kijijini mara tatu kwa mwaka, na kilomita tano za mwisho tu ndizo za changarawe, hahitaji gari la magurudumu manne. Anachohitaji ni gari lenye nafasi ya kutosha kati ya tumbo lake na ardhi, tairi zenye meno mazuri, na subira ya kungoja saa chache mvua inapoanuka. Lakini aliye na shamba Kajiado au Laikipia, anayepita kila wiki juu ya ule udongo mweusi unaonata kama gundi pindi unaponyeshewa, huyo ana haja ya kweli. Vivyo hivyo apendaye kuzuru mbuga kama Aberdare, ambako wakati wa mvua gari la kawaida halifiki mbali.

Tuchukulie kwamba mwenye gari husafiri kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita litamaliza lita zipatazo 1,070. Prado ya petroli ya lita 2.7, ikienda kilomita nane kwa lita katika msongamano wa jiji, itakunywa lita 1,875. Tofauti ni lita 800 na ushei. Kwa bei ya Sh180 kwa lita, hizo ni takriban Sh145,000 kila mwaka, kabla hujagusa tairi, bima wala vipuri. Kwa anayehitaji fobaifo siku kumi tu kwa mwaka, fedha hizo zingelipia gari la kukodisha na chenji ikabaki. Ushauri huu haupendwi, kwa sababu gari la kukodisha haliegeshwi kanisani kila Jumapili.

Kwa upande wa kuagiza kutoka ng'ambo, sheria ya miaka minane, inayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), ndiyo inayoamua mengi. Mwaka wa 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia. Maana yake ni kuwa fobaifo linaloingizwa ni changa kiasi, na bei yake ni ya juu. Juu ya bei hiyo huja mkono wa serikali. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha kwa magari umekuwa asilimia 35. Kisha kuna ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na ada mbili za uagizaji na reli.

Chukua gari ambalo Mamlaka ya Ushuru (KRA) imelithamini kwa Sh1 milioni. Forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, unaotozwa juu ya jumla hiyo, ni Sh337,500. VAT ni Sh270,000. Ada za asilimia 2.5 na asilimia mbili zinaongeza Sh45,000. Jumla ni zaidi ya Sh1 milioni, yaani umelinunua gari mara mbili. Tena KRA haitazami risiti yako kutoka Japan. Hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, kisha ikapunguza thamani kulingana na umri wa gari.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mapema. Injini ya dizeli inayozidi ujazo wa sentimita 2,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, ilhali petroli hufikia kiwango hicho ikizidi 3,000 pekee. Ndiyo sababu Prado ya dizeli ya lita 2.8 hutozwa zaidi kuliko mwenzake wa petroli wa lita 2.7, hata thamani zao zikikaribiana. Anayevutiwa na dizeli kwa kuwa hubana mafuta atahitaji kuendesha miaka kadhaa ili kuirejesha tofauti hiyo.

Kwa sababu hizi, wengi huliendea soko la pili: magari yaliyokwisha kutumika humu nchini. Bei ni nafuu na ushuru umelipwa na mtu mwingine, lakini hapo ndipo penye mitego. Gari lililotumika Japan aghalabu limepita kwenye lami. Lililotumika Kenya limeonja mashimo, mizigo ya mahindi na fundi wa kandokando ya barabara.

Tukija kwenye magari yenyewe, yasidanganywe macho. Si kila gari refu ni fobaifo. Harrier na RAV4 nyingi zinazouzwa hapa huendeshwa kwa magurudumu mawili ya mbele, na umbo lake ni sawa kabisa na lile la zenye manne. Nissan X-Trail ni gari zuri la familia, lakini ile ya giaboksi ya CVT hupata joto jingi ikipanda mlima polepole au ikijikokota mchangani, kisha hujipunguzia nguvu yenyewe wakati unapozihitaji mno. Subaru Forester hushika barabara ya utelezi kwa namna ya kusifika. Mnunuzi achunguze tu kama injini inavuja maji au mafuta kwenye gasketi ya kichwa, na kama shokamzoba za nyuma zingali nzima, maana zile za kujiinua zenyewe ni ghali.

Prado haina haja ya kunadiwa. Ina chesisi imara, ina gia ya ziada ya mwendo wa pole yenye nguvu nyingi, na vipuri vyake vinapatikana hadi Isiolo. Lakini sifa hiyo imeipandisha bei kupita kiasi, na injini ya dizeli ya lita 3.0 ina historia ya matatizo ya injekta ambayo marekebisho yake si ya fedha za kuchezea. Kwa mtazamo wangu, mwenye mfuko wa wastani atafaidika zaidi na Suzuki Escudo ya kizazi cha 2005 hadi katikati ya miaka ya 2010, ile yenye kitufe cha gia hiyo ya ziada. Haina fahari, ndani si pana sana, na kiu yake ya petroli haipungui ya magari makubwa kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Lakini itapita palepale Prado inapopita katika safari za kawaida, tena kwa bei ya chini. Jimny nayo ni hodari kuliko zote mbili kwenye njia nyembamba, ila usiinunue ikiwa una watoto watatu.

Kabla ya kulipa, mlaze fundi wako mwenyewe chini ya gari, wala si yule aliyependekezwa na dalali. Aangalie kutu kwenye chesisi, kwani baadhi ya maeneo ya Japan humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Aangalie kama kuna alama za kuchomelea. Kisha liendeshe gari kwenye changarawe, uhusishe magurudumu manne na ile gia ya pole, uyasikilize. Wamiliki wengi hawajawahi kukibonyeza kitufe hicho kwa miaka mitano, na mtambo usiotumika hukwama. Kuhusu kilomita, usiiamini mita. Tazama usukani uliochakaa, kiti kilichobonyea na pedali za breki zilizolika. Vitu hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta.

Kuna hatari moja ambayo gari lenyewe ndilo huileta, nayo ni ujasiri. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na wageni waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Basi lile lilikuwa zito kuliko fobaifo yoyote iliyoegeshwa yadini. Maji ya kasi yakifika mlangoni, magurudumu manne huelea sawa na mawili. Dereva wa gari dogo angegeuza. Mwenye Prado hujiambia kwamba alilipia mamilioni ili asigeuze.

Ukishaliridhia gari, kuna bei ya kupatana na karatasi za kukagua. Mengi ya magari haya yalinunuliwa kwa mikopo, na benki huandikwa kwenye logbuku pamoja na mwenye gari. Utafutaji wa rekodi kupitia mfumo wa NTSA huchukua dakika chache na hugharimu mamia machache tu ya shilingi. Ikiwa jina la benki lingalipo, malipo yaende kwanza kumaliza deni hilo, kwa barua ya benki yenyewe. Na muuzaji akisema logbuku iko kwa nduguye Eldoret na italetwa wiki ijayo, mwachie gari lake mpaka ndugu huyo awasili.