Ukurasa wa Mfugaji: Chokaa ya Kuku Si Moja

Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja aliyetuandikia kwa masikitiko. Yeye na mkewe walinunua vifaranga 100 wa kuku wa nyama, kwa fedha waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya ada ya shule ya mtoto wao. Kwa majuma matatu mambo yalikwenda vizuri. Mvua zilipoanza, matandiko ya banda yakalowa na harufu ikawa kali. Jirani akawaambia, "Nyunyizeni chokaa." Wakatwaa debe zima la chokaa ya kupaka kuta, wakainyunyiza juu ya matandiko yaliyolowa, nao kuku wamo ndani. Asubuhi walipofungua mlango machozi yaliwatoka. Kuku walikuwa wamefumba macho, wamejikunyata ukutani, na kabla ya juma kwisha 14 walikuwa wamekufa. Sasa mwalimu auliza: "Je, chokaa ni adui wa kuku? Mbona basi hutiwa hata katika chakula chao?"

Swali hili ni jema, wala hatuwezi kumlaumu mwenzetu. Nasi miaka iliyopita tulifanya kosa hilohilo, tena tulifunga na madirisha tukidhani twawakinga kuku na baridi. Kosa lenyewe latoka katika jina. Sisi husema "chokaa" kwa vitu vitatu visivyofanana, na kila kimoja kina mahali pake.

Cha kwanza ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, yasiyopita motoni. Haya ni mapole, hayaunguzi mkono, nayo asili yake ni moja na ganda la yai na makome ya chaza. Hii ndiyo chokaa ya chakula. Cha pili ni chokaa hai, yaani mawe yale yale, au matumbawe kama wafanyavyo watu wa pwani, yakiisha kuchomwa tanuuni. Ikipata maji huchemka na kuunguza. Hiyo isikaribie kuku hata kidogo. Cha tatu ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ndiyo ile ya kupaka kuta. Nayo ni kali, huua vijidudu vingi, kwa hiyo yafaa sana kupaka kuta na sakafu ya banda tupu, baada ya matandiko ya zamani kuondolewa. Mpakaji na akinge macho yake, na banda likauke kabisa kabla ya kuingiza vifaranga.

Kwa nini basi chokaa hii ya tatu iliwadhuru kuku wa mwalimu? Katika kinyesi cha kuku mna kitu ambacho vijidudu, vikipata unyevu na joto, hukigeuza kuwa hewa kali iitwayo amonia. Hewa hii huchoma macho na vifua vya kuku, nao hula kidogo, hawakui, na magonjwa ya mafua huwapata upesi. Wataalamu husema isizidi sehemu 25 katika milioni ya hewa ya banda. Sasa, amonia ina tabia moja ambayo kila mfugaji yampasa kuijua: penye kitu kichachu hukamatwa na kutulia, bali penye kitu kama chokaa kali au majivu hufunguliwa na kuruka. Mwalimu aliponyunyiza chokaa hakuizima harufu, aliifungulia mlango. Hata mbolea yake iliharibika, maana amonia irukayo ndiyo chakula cha mahindi kinachopotea hewani. Majivu ya jikoni nayo ni vivyo hivyo. Majivu makavu katika kisanduku, ambamo kuku wa kienyeji huoga ili kuondoa utitiri, ni mema. Lakini majivu juu ya matandiko yaliyolowa ni kosa lile lile.

Kama mtu ataka kutia madini katika matandiko, na achague kitu kichachu, si chokaa. Kinachojulikana zaidi ni shabu ya unga, ile itumiwayo katika mitambo kusafishia maji ya miji. Katika jimbo la Arkansas, huko Marekani, wataalamu waliijaribu katika miaka ya 1990, wakaona ya kuwa huikamata amonia, na tena huifunga fosforasi ya mbolea isichukuliwe na mvua mpaka mitoni. Kadiri yake ni kama nusu kilo kwa kila mita moja ya mraba, huchanganywa na tabaka la juu la matandiko makavu kabla vifaranga hawajaingia. Vumbi lake huwasha, basi mtu afunge pua na mdomo kwa kitambaa na kukinga macho.

Lakini twawaambia wazi, wasomaji wetu, ya kuwa hakuna unga wowote uwezao kufanya kazi ya upepo na ukavu. Fikirini: kuku mmoja wa nyama hula karibu kilo 4 za chakula mpaka siku ya kuchinjwa, na hunywa maji kadiri ya mara mbili ya uzito wa chakula chake. Basi kuku 100 hunywa kama lita 800, yaani madebe 40, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi chini katika matandiko au hewani. Yasipopata njia ya kutoka, shabu ya duka zima haitatosha. Kwa hiyo maranda au makapi ya mpunga yawe makavu, kina chake sentimita 5 hadi 10. Kuku wasizidi 10 kwa mita ya mraba. Madirisha ya juu yaachwe wazi. Vyombo vya maji visivuje. Na matandiko yaliyolowa karibu na vyombo yaondolewe kila siku. Twaa konzi ya matandiko uikamue. Ikishikamana kama tonge la ugali, imelowa mno. Ikifumuka polepole, ni sawa. Ikiruka vumbi tupu, imekauka kupita kiasi. Tena usiitegemee pua yako wewe uliyezoea. Inama mpaka kimo cha kuku, au mwite mtoto atokaye nje, umwulize asikia nini.

Sasa twaja kwenye chakula. Kuku wa nyama hukua upesi mno, hata mwili hutangulia mifupa. Asipopata kalsiamu na fosforasi ya kutosha hupata matege, hulala kifuani, na hawezi kufika penye chakula. Mahindi na mashudu yana fosforasi, lakini sehemu iliyo kubwa imefungwa, tumbo la kuku haliwezi kuifungua vema; ndiyo sababu hutiwa unga wa mifupa. Mtu achanganyaye kilo 100 za chakula nyumbani aweza kuanza na unga wa mawe ya chokaa kilo 1, unga wa mifupa kilo 2, na chumvi gramu 300. Kama chakula kina dagaa wengi, apunguze vyote vitatu, kwa maana dagaa wana mifupa yao na mara nyingi chumvi yao pia. Chumvi ikizidi, kuku hunywa mno, matandiko hulowa, na hapo twarudi kwenye shida ya mwalimu. Madini mengine yatakiwayo kidogo sana, kama zinki na manganizi, hayapimiki kwa mizani ya nyumbani. Hayo na yanunuliwe katika primiksi, yatiwe kwa kipimo kilichoandikwa juu ya mfuko.

Wala mtu asidhani ya kuwa akizidisha chokaa atazidisha mifupa. Kuku wa nyama ahitaji kadiri ya gramu 9 au 10 za kalsiamu katika kilo moja ya chakula. Kuku wa mayai ahitaji 35 hadi 40. Kwa hiyo chakula cha kuku wa mayai kisipewe vifaranga wa nyama. Kalsiamu ikizidi huzuia fosforasi na kuharibu figo zao.

Yatupasa pia kuonya juu ya mambo manne. Kwanza, mifupa ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana isisagwe kamwe, kwa sababu mbegu za kimeta hukaa humo miaka mingi. Pili, fosfeti ya mawe, kama ile ya Minjingu, ni mbolea njema shambani, lakini mawe ya namna hiyo yana floridi nyingi. Yasitiwe katika chakula ila floridi imeondolewa kiwandani. Tatu, magadi si badala ya chumvi. Nne, udongo usiojulikana usichanganywe katika chakula. Ni kweli uko udongo maalumu uitwao bentonaiti uwezao kukamata sehemu ya sumu ya ukungu, lakini haugeuzi mahindi yaliyooza kuwa mazuri. Na mwaka 1997 huko Marekani ilionekana sumu ya dioksini katika nyama ya kuku. Chanzo chake kilikuwa udongo uliochimbwa Mississippi na kuchanganywa na unga wa soya ili usigande. Udongo wenyewe ulionekana safi kwa macho.

Ili kujua kama unga wa chokaa ulionunua umechanganywa na mchanga, tia nusu kijiko katika gilasi ya siki. Chokaa ya mawe hutoa povu na kuyeyuka polepole; mchanga hubaki chini. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani, kisha wawape hesabu: kuku 100, kila mmoja kilo 4 za chakula, chumvi gramu 3 kwa kilo, yatakiwa chumvi kiasi gani?

Nawe, bwana mwalimu, ondoa matandiko yale yote leo hii, ukayaweke mbali chini ya paa. Tandika maranda makavu, fungua madirisha, uwape kuku waliosalia maji safi. Banda likiisha kuwa tupu, ndipo utwae ile chokaa iliyobaki katika debe, upake kuta.