Dubu wa Barafu kwa Watoto wa Sib

Mwezi uliopita msomaji mmoja wa Toronto aliniandikia kuuliza tunafanyaje saa ya hadithi kwa watoto wadogo kabisa, wale wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, ambao kukaa kitako dakika tano ni mtihani. Badala ya kumjibu kwa jumla, nimeona nimweleze tunavyoiandaa ya mwezi huu hapa Sib, maana bado imetapakaa mezani kwangu: pamba, karatasi za rangi, shuka jeupe, kopo la samli, na mada ambayo imezua maneno kidogo. Mada yenyewe ni wanyama wa Aktiki, kule ncha ya kaskazini ya dunia ambako bahari huganda.

Saa yetu ya hadithi ni Jumamosi moja kila mwezi, katika chumba cha nyuma cha maktaba ndogo ya mtaani. Huja watoto kumi na mbili, siku ya wengi kumi na wanane, kila mmoja na mama yake au bibi yake. Wengi ni wajukuu na vitukuu vya watu waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa. Wengine walikuja baada ya 1964, wengine baada ya 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Bibi Kiswahili anacho chote, na methali juu yake. Mama anakisikia na kujibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiarabu. Mtoto ana maneno yasiyozidi ishirini: maji, njoo, kaa, usiguse, basi. Ukiyaangalia vizuri utaona mengi ni ya kukatazwa.

Basi baba mmoja aliposikia mada, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu: "Hivi mwalimu, sungura na fisi wamekwisha? Watoto wetu hata punda hawajamshika, wewe unawapeleka kwa dubu wa barafu?" Watu walicheka, na wawili watatu wakamuunga mkono.

Hoja yake si ndogo. Lakini nilimjibu hivi: huyo dubu mweupe mtoto wako anamjua zaidi ya fisi. Yumo kwenye nguo zake za kulalia, kwenye chupa yake ya maji, kwenye katuni anayowekewa ili mama apate kupika. Ila anamjua kwa Kiingereza tu. Sungura tumempa bibi, na bibi hahitaji maktaba kumsimulia. Kazi ya saa ya hadithi, kwa maoni yangu, ni kuchukua kile ambacho mtoto tayari anakipenda na kumwonyesha kwamba na hiki pia kina jina nyumbani kwenu.

Tena majina yapo, na mazuri. Watu hudhani Kiswahili ni lugha ya joto isiyo na maneno ya baridi. Dubu ni neno letu kutoka Kiarabu, na mtoto wa Sib atakapolikuta darasani, *dubb*, atakuwa kishalisikia nyumbani. Theluji nayo imetoka Kiarabu, *thalj*. Barafu ilitoka Kiajemi, ambako *barf* ni theluji, na Wahindi nao wanasema *baraf* kwa barafu ile ile. Maneno hayo yalivuka bahari hii hii, zamani, hadi kwa watu ambao theluji yao ya karibu ilikuwa juu ya Kilimanjaro. Hata jina Aktiki lina dubu ndani yake: limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya dubu, kwa sababu ya nyota za kaskazini zilizopewa jina hilo.

Lakini kilichonifanya niishikilie mada si asili ya maneno. Kuna mama kijana katika kundi letu, mtoto wake ana miaka miwili na miezi minane na hajaanza kusema. Anaelewa, anaonyesha kwa kidole, anavuta mkono, maneno hayatoki. Chekechea anakompeleka wamemshauri aache Kiswahili nyumbani, kwamba lugha tatu zimemchanganya mtoto. Akaja kwangu na macho mekundu: "Dada, mama mkwe wangu hajui lugha nyingine ya kumbembelezea mjukuu wake. Nimwambie anyamaze?"

Nilimwambia nisemalo kwa kila mzazi, na msomaji popote ulipo nalirudia. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto achelewe kusema. Wataalamu wa usemi wa watoto wamelieleza hilo kwa miaka mingi. Mtoto wa lugha nyingi huenda akawa na maneno machache katika kila lugha, lakini ukiyajumlisha yote, mara nyingi yanalingana na ya wenzake. Mtoto anayechelewa kweli huchelewa katika lugha zote, na kumnyang'anya moja hakumtibu. Cha kufanya ni kumpeleka akapimwe masikio kwanza, halafu kwa mtaalamu wa usemi, na huku nyumbani kuendelea kuzungumza naye kwa lugha ile mnayoijua vizuri zaidi. Miadi ya masikio ameshaichukua. Bibi anaendelea kubembeleza.

Kwa hiyo saa ya hadithi ya mwezi huu nimeipanga nikimfikiria mtoto huyo, na kwa bahati kinachomfaa yeye kinawafaa wote. Maneno makuu manne tu: dubu, baridi, ingia, toka. Basi. Mzazi anayetaka kumaliza kamusi kwa dakika ishirini na tano atarudi nyumbani na mtoto analia.

Hadithi ni ya kweli tupu. Mama dubu huchimba pango ndani ya theluji, na humo, katikati ya majira ya baridi, jua likiwa halichomozi kabisa huko kaskazini ya mbali, huzaa, mara nyingi pacha. Mtoto wa dubu anapozaliwa ana kama gramu 600. Pakiti ya sukari ya kilo moja ni nzito kuliko yeye, na pakiti hiyo nitaipitisha mikononi ili kina mama washangae. Baba yake huyo anaweza kufika kilo 500 na zaidi. Mama hakai na chakula pangoni. Hukaa miezi akinyonyesha kwa mafuta ya mwili wake tu, mpaka Machi au Aprili anapotoka nao nje.

Shuka jeupe ndilo pango. Mama wawili wanalishika juu, watoto wanaingia chini yake, tunauliza, "Nani yumo pangoni?" na wakubwa wanajibu, "Dubu yumo pangoni!" Halafu: toka! Halafu ingia tena. Mara sita, mara nane, hadi wakubwa wachoke. Wadogo hawachoki, na neno huingia mwilini kwa miguu kabla ya kufika mdomoni. Na jambo moja la sarufi, ambalo bibi mmoja ameniagiza nisilisahau: dubu mkubwa, dubu mdogo, dubu wawili. Si "dubu kubwa". Watoto wetu wa ughaibuni hapo ndipo wanapoteleza, kwa kuwa hakuna anayewarudia kwa upole. Sisi hatusahihishi mtoto; tunasema tu lililo sawa, tena na tena.

Akiniuliza mkubwa dubu anakula nini, nitasema sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi. Sitasema samaki ili kupendeza. Kumdanganya mtoto eti kwa sababu ni mdogo sikupendi. Huyo dubu, kwa taarifa yenu, si mweupe kama anavyoonekana: nywele zake hazina rangi, zinapitisha mwanga, na ngozi iliyo chini ni nyeusi. Watoto haliwahusu hili, lakini kina baba walioletwa kwa nguvu hulipenda sana.

Pengwini hatakuwepo. Najua vitabu vingi vya picha vinamweka pamoja na dubu, na watoto waliopelekwa Ski Dubai wamewaona kwa macho yao, maana wapo pale tangu 2012. Lakini pengwini ni wa kusini mwa dunia na dubu wa kaskazini. Porini hawajapata kuonana. Wala sitachora nyumba ya barafu kana kwamba ndiyo makazi ya kila siku ya watu wa huko. Wainuit wana nyumba za mbao, shule na maduka. Ninyi mlioko Leicester na Minneapolis, ambao wanenu wameulizwa kama simba hupita uani kwa babu yao, mtanielewa kwa nini nalishikilia hili.

Sasa samli. Chukua mifuko miwili ya plastiki minene, paka samli nyingi ndani ya mmoja, ingiza wa pili ndani yake, na ufunge midomo yake pamoja ili mkono usishike mafuta. Mtoto anatia mkono mmoja ndani ya mfuko huo, na mwengine mtupu, yote miwili ndani ya bakuli la maji ya barafu. Mkono mtupu utatolewa haraka. Ule wenye samli utabaki. Hivyo ndivyo mafuta yaliyo chini ya ngozi yanavyomlinda dubu, sili na nyangumi. Hapa Oman kuna la kuangalia: samli iliyokaa jikoni wakati wa joto ni maji matupu, kwa hiyo ilaze friji usiku mmoja. Mifuko isiachwe karibu na watoto baada ya mchezo. Na msitumie vipande vidogo vya barafu kwa watoto wa umri huu, vinaweza kumkaba mtoto mara moja. Gandisha bakuli zima, lile la biriani, upate jiwe moja kubwa wanaloweza kulipapasa na kulisukuma. Taulo ziwe nyingi.

Nilidhani mpango umekamilika, ila nilikuwa na kiu ya kitu ambacho mtoto wa Sib angeweza kukiona nje ya dirisha. Theluji Oman si jambo la kila siku. Huanguka mara chache baridi ikizidi, juu ya Jabal Shams, na huko ni safari. Jibu nililiona ufukweni, nyuma ya soko la Sib, nikinunua samaki. Vitwitwi. Vile vindege vidogo vya kijivu na vyeupe vinavyokimbizana na wimbi, likirudi vinalifuata, likija vinakimbia, miguu haionekani kwa kasi. Baadhi yao huzaliwa Aktiki hasa, katika nyika za Siberia. Hutaga huko kiangazi, wakati jua halitui, kisha kuanzia Agosti hushuka kusini. Mamia ya maelfu ya ndege wa pwani hukaa kipupwe Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah. Wenzao huendelea hadi Mida, karibu na Watamu, na hadi fukwe za Zanzibar. Kitwitwi mmoja hafiki gramu 100.

Wanyama wa Aktiki wako hapa, basi, na hawahitaji tiketi. Nilipomwambia bibi yule wa sarufi, aliweka kikombe chake chini. "Wanapita Unguja?" Nikasema ndiyo, jamii hiyo hiyo. Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nawaona Kizingo nikiwa mtoto. Tukiwafukuza. Kumbe nao kwao kuwili." Sasa sehemu hiyo ataisimulia yeye, kwa dakika tano, kwa Kiswahili chake cha Unguja mjini. Mimi nitashika picha. Nimemwomba aanze na "Paukwa", na kina mama wote wajue kuitikia "Pakawa", maana mwezi uliopita alipaukwa peke yake na chumba kikamtazama.

Baada ya chumbani tutatembea hadi ufukweni, atakayeweza. Watoto wakimbie na wimbi kama wao. Huo ndio mchezo wote, na hauna gharama. Ndege wataanza kuondoka kuelekea kaskazini kiasi cha Aprili, kwa hiyo msingoje.

Kwa wenyeji: ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, na ninaandika pia 10:00 kwa kuwa kizazi cha simu kikisikia "saa nne" hutokea alasiri. Tutashusha kiyoyozi hadi watoto watake sweta, hapa hilo halichukui muda. Kwa wa mbali: yote haya yanafanyika sebuleni na watoto watatu, na mlio na theluji mlangoni mna bahati, chukueni bakuli mkaijaze. Kwa mto au ufukwe wenu tafuteni ndege wenu.

Jana usiku mama yule kijana aliniandikia tena. Mtoto bado hajasema neno. Anauliza kama anaweza kumleta na mama mkwe, kwamba ni mzee, magoti yanamsumbua, hawezi kukaa chini. Nimemjibu kiti kipo, karibu na shuka, na kazi ipo: ndiye atakayeuliza nani yumo pangoni. Aje na soksi, sakafu ni marumaru.