TAHARIRI: Shayiri ya wazee isiachwe ipotee

Ukitoka Maskati, Bidbid ndipo barabara inapogawanyika, moja ikielekea Nizwa na nyingine Ibra hadi Sur. Chini ya mitende ya huko maji ya falaji bado yanagawiwa kwa zamu. Ndugu msomaji, ni katika bustani ndogo kama hizo za Oman ndimo shayiri ya wazee ilimotunzwa karne kwa karne, na kila bustani inapogeuka kiwanja cha nyumba, mbegu nayo huondoka.

Watakaosema kwamba mbegu ya kisasa inazaa zaidi wana haki, lakini inazaa wapi? Mavuno ya shayiri hayaletwi na jeni moja. Ni hesabu ya masuke katika mche, punje katika suke, na uzito wa punje. Ukizidisha moja, mara nyingi jingine hupungua, kwani maji na mbolea ni vile vile. Ipo jeni mashuhuri iitwayo Vrs1, iliyotambuliwa mwaka 2007. Inapoacha kufanya kazi, suke la safu mbili huwa la safu sita: kila pingili punje tatu badala ya moja, ingawa huwa ndogo. Wakulima wa kale walilichagua suke hilo kwa macho tu, bila maabara.

Kuna na chumvi. Mwaka 2004 Jaradat, Shahid na Al-Maskri walichapisha katika jarida la Crop Science utafiti wao juu ya shayiri ya Batini, ya pwani ya Batinah, ambako maji ya bahari huingia visimani. Ndani ya mbegu hiyo walikuta tofauti nyingi za urithi, hata katika kustahimili chumvi. Mbegu ya dukani, ambayo miche yake yote ni sawa, haina akiba hiyo.

Ghala peke yake halitoshi. ICARDA ilikuwa na benki ya mbegu karibu na Aleppo. Vita vya Syria vikaifukuza, na mwaka 2015 ikabidi ichukue nakala zake kutoka Svalbard, Norway. Sisi tulio ugenini tunajua kukimbia mikono mitupu.

Kwa hiyo serikali mjini Maskati iwalipe wakulima wanaoendelea kuipanda. Na ninyi mliorejea kutoka Unguja na Mombasa baada ya 1970, wenye bustani za urithi, Novemba ndiyo hiyo ya kupanda: mwenye gunia la mbegu ya babu yake asilisagishe lote.