Madaftari ya Makanisa ya Meksiko na Nasaba za Wanyonge

Tarehe 22 Machi 1806, katika kanisa la parokia la Santo Tomás Ixtlán, milimani Oaxaca, padri alimbatiza mtoto mchanga aliyezaliwa siku iliyotangulia katika kijiji cha San Pablo Guelatao, akamwandika daftarini kwa jina la Benito Pablo, mtoto halali wa Marcelino Juárez na Brígida García, wenyeji wa kijiji hicho. Kisha akaandika majina ya babu na bibi wa kuumeni, Pedro Juárez na Justa López, na wa kukeni, Pablo García na María García, asimsahau mama wa ubatizo, Apolonia García. Mtoto huyo alifiwa na wazazi wote wawili akiwa na umri wa miaka mitatu, akachunga kondoo wa ami yake, na mwishowe akawa rais wa Meksiko. Lau asingekuwa rais, majina ya wazee wake yangalikuwa yamehifadhiwa vilevile, kwa kuwa padri hakujua anambatiza nani, na kila mtoto wa mchunga kondoo alistahili mistari hiyohiyo.

Wameksiko wengi, walio nyumbani na waliohamia Marekani, wameshikwa na shauku kubwa ya kutafuta nasaba zao, na shauku hiyo ni njema. Lakini aghalabu utawakuta watafutaji wakipekua mbiombio kurasa za Wahispania, wakitumaini kukuta jemadari aliyevuka bahari pamoja na Cortés aliyeiteka Meksiko, na wanapofikia jina la mtumwa au la mwenyeji asiyeandikiwa ukoo hufunga kitabu. Rai yangu ni kwamba hapo ndipo walipopaswa kuanza kusoma, maana bwana mwenye mashamba aliacha wasia, hati za ardhi na mashauri ya mahakamani yanayoweza kumsimulia pasipo kanisa, ilhali mnyonge mara nyingi hana karatasi nyingine duniani ila ya siku aliyobatizwa, ya siku aliyofunga ndoa na ya siku aliyozikwa.

Amri ya kuandika madaftari hayo ilitolewa na mtaguso wa maaskofu wa Meksiko mwaka 1555, na Mtaguso wa Trento ukaikaza kwa Wakatoliki wote mwaka 1563. Tangu hapo, mpaka Juárez yuleyule alipotia saini sheria ya tarehe 28 Julai 1859 iliyoipa serikali kazi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, mwandishi wa maisha ya raia alikuwa padri.

Katika hati zote hizo, nizipendazo kupita nyingine ni zile za uchunguzi wa ndoa, ambazo kwa Kihispania huitwa informaciones matrimoniales. Wachumba waliitwa mbele ya padri, wakaulizwa umri wao, mahali walipozaliwa, wazazi wao, na kama kila mmoja yu huru kuoa au kuolewa; kisha wakaletwa mashahidi wakaapa kwamba wamewajua kwa miaka kadha wa kadha. Ikiwa wachumba walikuwa na udugu wa damu, ilibidi waombe ruhusa ya askofu, na maombi hayo mara nyingi yana shajara iliyochorwa kwa mkono, ikishuka tawi kwa tawi kutoka kwa babu wao mmoja hadi kwao wawili, kiasi kwamba mtafutaji wa leo hukuta kazi ya vizazi vinne imekwisha kufanywa na karani wa zamani. Wenyeji hawakubanwa hivyo, kwa kuwa Papa Paulo III aliwaruhusu mwaka 1537 kuoana katika daraja ya tatu na ya nne ya udugu. Basi huruma ile ya Papa imewanyima wajukuu wao shajara nyingi, na mwenye asili hiyo anahitaji subira kuliko mwenzake.

Lakini madaftari haya hayakuandikwa kwa insafu. Parokia nyingi zilikuwa na daftari moja la Wahispania, jingine la wenyeji, na jingine la machotara na watu weusi, kwa sababu dola ilitaka kujua nani atozwe kodi ya kichwa na nani aepushwe. Na padri, kwa kumtazama mtoto usoni au kwa kusikiliza maneno ya wazazi, alimwandika huyu mestizo, huyu mulato, na yule coyote, yaani machotara wa namna mbalimbali. Maneno hayo yapokewe kwa hadhari. José María Morelos, shujaa wa uhuru, ambaye wanahistoria wengi wanasema alikuwa na damu ya Kiafrika, alibatizwa Valladolid tarehe 4 Oktoba 1765 na kuandikwa miongoni mwa Wahispania, na mji huo leo unaitwa Morelia kwa heshima yake. Mwezi Septemba 1822 sheria ikapiga marufuku kuandika asili ya mtu katika vitabu vya parokia. Ilikuwa sheria ya haki, ila ilifunika pia nyayo za Waafrika, hata ikafika sensa ya 2020 ndipo Wameksiko zaidi ya milioni 2.5 walipojitaja kuwa na asili hiyo. Mtu wa ukoo huo akitaka kuvuka mwaka 1822 kurudi nyuma, na akakuta mama aliyeandikwa kwa jina la ubatizo tu, mtumwa wa bwana fulani, na baba hakutajwa, asikate tamaa: afuate jina la bwana katika hati za mauzo, na awafuate wasimamizi wa ubatizo, maana waliosimama kisimani pamoja na mtumwa mara nyingi walikuwa jamaa au wasiri wake.

Kwa sababu hiyo nawaonya wanaotegemea faharasa peke yake. Tangu miaka ya 1950 Wamormoni wa Utah wamepiga picha madaftari mengi sana ya Meksiko na kuyaweka yaonekane bila malipo, na ihsani hiyo haina kifani. Lakini faharasa aghalabu humtaja mtoto na wazazi wake, ikaacha wasimamizi, bwana wa mtumwa na maneno ya pambizoni, ambako tangu 1908 mapadri wamekuwa wakiandika ndoa ya mtoto aliyekwisha kukua. Isomwe picha ya ukurasa mzima, na kurasa zinazoufuata. Na maaskofu wayatunze madaftari yenyewe dhidi ya mchwa na unyevu, kwani picha iliyofifia haina tiba ila kurejea kwenye asili.

Nasi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tuna fungu letu katika jambo hili. Marikebu za Kihispania zilisafiri baina ya Manila na Acapulco toka 1565 hadi 1815, na miongoni mwa watumwa walioshushwa huko wamo watu waliochukuliwa na Wareno kutoka Msumbiji, wakapitishwa Bahari ya Hindi, wakauzwa Manila, wakavushwa bahari ya pili. Hati za Meksiko zinawataja kwa jina la Kikristo na neno Mozambique au cafre kando yake. Kuwafuata kunahitaji mtu asomaye Kihispania cha kale na aijuaye pwani yetu kwa majina na miji yake, na mtu wa namna hiyo anaweza kulelewa hapa: chuo kikuu chetu kimojawapo kimpeleke mwanafunzi wa historia akae mwaka mzima katika parokia za Mji wa Meksiko, akiwa na orodha ya vitabu vya ndoa vya karne ya 17 mkononi.