AKILI YAO, JASHO LETU!

Na Mwandishi wa Kujitegemea

WAKUBWA wetu wamepata wimbo mpya. Ukiwasha redio ni akili mnemba, ukiingia semina ni akili mnemba. Kijana wa Manzese anaambiwa ajiandae, dunia imebadilika. Ajiandae kwa nini, na nani anamwandaa? Hapo wimbo unakatika!

Tuelewane mapema. Mashine si adui yetu. Aliyewahi kubeba magunia mgongoni hawezi kuyalilia. Swali letu ni moja tu: mashine ikifanya kazi ya watu kumi, mishahara ya hao kumi inaingia mfuko wa nani?

Jibu liko kwa majirani zetu, Nairobi. Ile ChatGPT inayojibu maswali kama mtu haikuzaliwa na adabu. Vijana wa Kenya, chini ya kampuni iitwayo Sama, walikaa kusoma uchafu wa kila aina, mauaji, mateso, watoto kunajisiwa, na kuuwekea alama ili mashine ijifunze kuukwepa. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilifichua mambo. Mikataba ya OpenAI, wenye mashine, ilisema Sama italipwa dola 12.50 kwa saa. Kijana aliyeusoma uchafu ule aliondoka na kati ya dola 1.32 na 2. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, ndugu msomaji. Piga mwenyewe uone nani alikula nyama na nani alilamba mchuzi.

Wenzetu hawakulala. Mei 1, 2023, zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo, waliotumikia Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi.

Na hapa kwetu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakubali mwajiri apunguze watu kwa sababu za kiteknolojia. Kifungu cha 38 kilimtaka atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Sawa. Lakini tazama kiinua mgongo kilichoandikwa humo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, na hesabu inakomea miaka 10. Yaani mtu katumika miaka 20, inakuja mashine, anapewa mshahara wa siku 70 na kwaheri!

Na huyo ndiye mwenye bahati, maana ana mkataba. Kibarua je? Bodaboda anayepangiwa abiria na bei na programu ya simu je? Siku programu ikimfungia, atamshitaki nani? Simu?

Badala ya semina, tunataka majibu. Anayeleta mashine awasomeshe kazi nyingine wale anaowaondoa, kwa gharama yake. Siku 70 zifutwe, mtu alipwe kwa miaka yote aliyotumika. Na anayeendeshwa na programu atambuliwe kuwa mfanyakazi mwenye haki, siyo "mshirika" wa jina.

Vijana, hayo hayatashuka kama mvua. Wa Nairobi walianza kwa kukaa chumba kimoja na kuhesabiana. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na mnyonge hana kisu kingine zaidi ya umoja wake na kura yake. Tukikitupa, tusilalamike kupewa mchuzi.