INJINI KUSHUSHIWA UANI SI AIBU, AIBU NI YULE KIJANA ANAYELALA CHINI YAKE

Wanazengo, kuna aina moja ya video ambayo huwa haikosi wachekaji. Ndinga iliyokuwa inapostiwa kila wikendi, imeoshwa hadi matairi yanang'aa, sasa ipo nyuma ya nyumba. Boneti limetolewa kabisa, rejeta imeegeshwa ukutani karibu na banda la kuku, na injini inaning'inia kwenye tawi la mwembe. Chini ya video maneno ni yale yale: bosi kafulia, bosi kaishiwa, alijifanya pedeshee sasa gari limekuwa kabati. Emoji za kicheko zinajaa, watu wanatagiana, ubuyu unaliwa mpaka jioni.

Sawa, tucheke. Lakini itazame tena video hiyo hiyo, safari hii angalia chini kidogo. Kuna miguu miwili imetokeza chini ya gari, na ndala zimevaliwa vidole vikiwa vyeusi kwa oili. Huyo ndiye wa kuongelewa, na ndiye ambaye hakuna anayemtagi.

Chukulia pale Segese, Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, kwenye ukanda ule wa dhahabu unaoanzia Kahama, unapita Bulyanhulu na kwenda kugusa Geita. Mwenye gari ni ngosha mmoja kijana, jina lake libaki kapuni, na libaki kapuni kwa sababu moja nyepesi: hayuko mmoja. Kila anayeishi maeneo yale anamjua wake. Alikaa miaka kwenye maduara, akala vumbi, akakopa unga dukani, halafu siku moja akalamba dume. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019 na masoko mengine kufuata, dhahabu inapimwa kwenye mizani mchana kweupe na mtu anatoka na mkwanja wake halali. Ndani ya wiki mbili ndinga ipo nyumbani. Muziki unasikika kabla gari halijaonekana.

Kosa la kwanza halikufanyika chini ya mwembe. Lilifanyika mapema, wakati gari likiwa bado zima. Lile gari lilitengenezwa kwa barabara za lami za Japani, likaletwa kwenye vumbi la njia za machimbo ambako malori yanapita usiku na mchana. Kichujio cha hewa kikaziba, hakuna aliyekifungua. Oili ikapitiliza muda wake kwa sababu taa ya dashibodi ilikuwa haijawaka. Kwenye rejeta yakawekwa maji ya kisima badala ya maji maalumu ya kupoza injini, na maji ya chumvichumvi yanaacha ukoko na kutu ndani ya njia zake. Siku moja mshale wa joto ukapanda, bosi akasema atafika tu, mbona si mbali. Alifika kweli. Ila gasketi ya silinda hedi haikufika naye.

Hapo ndipo linapokuja swali la wachekaji: kwa nini asipeleke gereji, aache mambo ya kishamba?

Jibu ni kwamba kushushia injini nyumbani kuna akili zake, na anayecheka pengine hajawahi kuacha gari gereji mwezi mzima. Kwanza, gari lililokufa haliendi Kahama lenyewe, lazima livutwe, na kuvutwa ni pesa. Pili, kuna hofu ambayo kila mwenye gari Tanzania anaifahamu: gari likilala gereji bila mwenyewe, linaweza kuamka na betri nyingine, jenereta nyingine, hata taa nyingine. Kwa hiyo mtu anaona bora fundi aje kwake, kila nati iwekwe kwenye ndoo mbele ya macho ya familia, na usiku injini ilale sebuleni imefunikwa shuka. Tatu, fundi wa mtaani wa ukanda ule si wa kubeza. Huyo huyo ndiye anayefufua injini za dizeli za makarasha, pampu za kuvuta maji maduarani na bodaboda zote za kijiwe. Ukimpa IST anaiona kama toi.

Kwa hiyo hoja ya ushamba ifutwe. Dunia nzima watu wanashusha injini majumbani kwao. Huko Marekani na Uingereza ni burudani ya wikendi, watu wanarekodi video na kupata mamilioni ya watazamaji, na hakuna anayewaambia wamefulia. Tofauti ipo sehemu moja tu: wenzetu wanaanza na vifaa vya kubebea mzigo. Sisi tunaanza na kutafuta mti.

Na hapa ndipo bosi anapoanza kukosa utetezi.

Injini ya gari dogo la sisisii 1500, ikitoka pamoja na giaboksi yake, inapita kilo 100. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Ya dizeli ya Land Cruiser inapita mifuko minne. Sasa chukua mifuko minne ya saruji, ifunge kamba ya katani, itundike juu ya kichwa cha mtoto wa mtu, halafu mwambie aingie chini akalegeze nati ya mwisho. Hakuna mzazi atakayekubali. Lakini ikiitwa injini, eti ni kazi.

Anayeingia chini siyo fundi mkuu. Fundi mkuu amesimama pembeni, mkono kiunoni, anaelekeza. Anayeingia ni saidia fundi, deiwaka, kijana mwembamba aliyechaguliwa kwa sababu anapenya. Hana glavu, hana viatu vya maana. Gari limeinuliwa kwa jeki moja na kuegemezwa kwenye tofali. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: injini ikianza kutoka, uzito wa mbele wa gari unapungua ghafla na pua ya gari inainuka. Gari lililokuwa limetulia kwenye tofali linasogea. Tofali la kuchoma halikutengenezwa kwa mchezo huo, linapasuka tu. Jeki nayo kazi yake ni kuinua, siyo kushikilia. Cha kushikilia ni stendi za chuma, zikiwa kwenye ardhi ngumu, na hata hizo hazimpi mtu ruhusa ya kukaa chini ya injini inayoning'inia.

Tawi la mwembe ndiyo usiseme. Mwembe unazaa vizuri, kivuli chake kitamu, lakini hakuna fundi aliyewahi kupima tawi lake linabeba kilo ngapi. Ndani linaweza kuwa limeliwa na mchwa na nje likawa la kijani. Winchi ya mnyororo ikitundikwa kwenye miguu mitatu ya mabomba ya chuma inafanya kazi ile ile kwa usalama mkubwa zaidi, na ni kitu cha kukodi. Bosi aliyetoa mamilioni ya gari kwa mkupuo mmoja, leo anabishana kwa saa nzima kuhusu hela ya kukodi winchi. Kwa wanawake mjini hakubishana. Kwa spika za gari hakubishana. Kwenye mnyororo unaolinda uhai wa mtu ndipo alipokumbuka bajeti.

Kinachouma zaidi ni kwamba Segese si mji wa kushangaa kamba na mzigo. Hawa ni watu wa maduara. Wanajua kamba ikikatika inaacha nini. Pale mdomoni mwa shimo mchimbaji anayejielewa anaikagua kamba kwa mkono, hatua kwa hatua, kabla hajaweka uzito wake. Anauliza nani yupo juu, anamwamini au hamwamini. Elimu hiyo wanayo, wameilipia kwa misiba. Sasa inakuwaje mtu huyo huyo akifika nyumbani kwake, uani, watoto wanacheza rede mita tatu kutoka kwenye injini, anasahau kila kitu kwa sababu tu ni mchana na muziki umewekwa?

Halafu tuseme limetokea. Mungu apishe mbali, lakini tuseme tawi limekatika na mguu wa kijana umebaki chini. Nani analipa? Nchi ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na kazi yake ndiyo hiyo, kumfidia mtu aliyeumia kazini. Ila mfuko unamtambua mwajiriwa mwenye mwajiri anayechangia. Kijana wa chini ya mwembe mwajiri wake nani? Fundi atasema alikuja kujifunza. Bosi atasema alimpa kazi fundi, yule dogo hamjui. Mwisho wa hadithi ni mchango wa kwenye kundi la WhatsApp, picha ya mguu uliofungwa bandeji, na namba ya kutuma muamala. Wale wale waliocheka ndinga watatuma buku mbili mbili na emoji ya mikono iliyokunjwa.

Kuna watakaosema fundi wetu amefanya hivi miaka 15 na hajawahi kuua mtu. Ni kweli, mafundi wengi wana mikono ya dhahabu na bahati pia. Lakini bahati haiandikwi kwenye risiti. Na anayejisifia miaka 15 ndiye anayepaswa kwenda kupimwa na VETA, ambao wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Fundi mwenye cheti ana sauti ya kumwambia bosi kwamba bila winchi hashushi. Fundi asiye nacho anaogopa kazi itakwenda kwa mwingine, na woga huo ndio unaomsukuma saidia fundi chini ya gari.

Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye bosi, au unataka kuwa, mpangilio wenye heshima unaeleweka. Gari lipoe kabisa, maana rejeta ya moto ikifunguliwa inamwagia mtu usoni. Betri inatoka mapema, waya wa hasi ukitangulia, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havijawahi kuwa marafiki. Hakuna sigara hapo, hata kwa mzee wa heshima aliyekuja kuangalia. Kila soketi ya waya inapigwa picha na kubandikwa alama kabla ya kuchomolewa, simu zina kazi zaidi ya selfie. Kompresa ya kiyoyozi inafungwa pembeni na mipira yake bila kufunguliwa gesi. Vishikio vya injini vinaachwa vya mwisho, winchi ikiwa tayari imebeba uzito. Kuanzia hapo hakuna mwili wa mtu chini, hata mkono. Watoto wanaondolewa uani, siyo wanaambiwa wasogee.

Oili chafu nayo ina mwenyewe. Ni taka hatarishi, siyo maji ya kunyunyizia vumbi getini. Uani kwa bosi kuna kisima, na kisima hicho kinanywewa na majirani ambao hata kwenye ndinga hawajawahi kupanda. Ikingwe kwenye dumu lenye mfuniko, ipelekwe kwa wanaokusanya.

Na kama injini imekufa moja kwa moja na inaletwa ya mtumba kutoka Mwanza au Gerezani kule Dar, kumbuka namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha chuma bila kubadilisha kumbukumbu kule TRA, siku ya kuuza au siku ya kukaguliwa utaanza kujieleza kama mwizi wa gari lako mwenyewe. Dai risiti kwa aliyekuuzia. Dhahabu unaiuza kwa mizani na karatasi, iweje injini uinunue kwa kupeana mkono?

Hakuna lolote hapo linalomshinda mtu aliyenunua gari kwa pesa taslimu. Kukodi winchi, stendi nne, dumu la oili, chakula cha mchana cha maana kwa mafundi, na malipo yanayomfikia saidia fundi mkononi badala ya kupitia kwa fundi na kupungua njiani. Ukijumlisha yote, bado haifiki bili ya meza moja ya usiku aliokuwa anaposti.

Gari likiharibika, bosi hajafulia. Chuma huharibika, hata cha tajiri. Kufulia kwenyewe ni pale unapokuwa na pesa ya kununua ndinga lakini huna pesa ya kuhakikisha mtoto wa mwenzako anarudi kwao jioni na miguu miwili.

Haya wanazengo, video ikija tena kwenye simu yako leo, utamcheka nani? Na wewe mwenye gari, mara ya mwisho fundi alipoingia chini, gari lilikuwa limeegemea nini? Mwageni majibu hapo chini.